Tundu Moyoni mwa Mtoto Lisiwe Ufa Katika Ndoa



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo yanayoleta ubaridi kati ya mume na mke, kama vile fedha, ulevi, wakwe na ukimya. Mara hii tunaleta somo ambalo wengi hudhani ni la madaktari peke yao, nalo ni ugonjwa wa moyo ambao mtoto huzaliwa nao. Utaona kwamba somo hili linaihusu ndoa kama yale mengine, na pengine kuyazidi.

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, mmoja hivi huwa na kasoro ya moyo. Ni hivyo Ulaya, ni hivyo Nairobi, na ni hivyo pia Kosele, Oyugis na Migori. Parokia inayobatiza watoto wachanga 300 kwa mwaka yaweza kuwa na watatu wa namna hiyo. Baadhi yao kasoro yao ni ndogo na hupona bila kuguswa. Wengine wanahitaji kupasuliwa, na wakipasuliwa mapema wengi wao hukua, husoma na kucheza kama wenzao.

Neno "mapema" ndilo moyo wa somo letu. Katika ugonjwa huu wakati ni sehemu ya dawa. Na kinachokula wakati nyumbani, mara nyingi si umbali wala ukosefu wa fedha peke yake. Ni lawama kati ya baba na mama.

1. KASORO YENYEWE NI NINI?

Moyo una vyumba vinne, viwili kulia na viwili kushoto, na katikati kuna ukuta. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha zunguka mwilini na kuisukuma mapafuni ikachukue hewa. Upande wa kushoto huipokea ikiwa imejaa hewa na kuisukuma mwili mzima. Kazi ya ukuta ni kuzitenga damu hizo mbili.

Kasoro inayoonekana zaidi ni ukuta huo kubaki na tundu. Nyingine ni ya mshipa. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu, hivyo kuna mshipa mfupi unaoipitisha damu kando ya mapafu kama njia ya mkato. Akishazaliwa, mshipa huo unapaswa kujifunga kwa siku chache, lakini kwa watoto wengine haujifungi. Tena kuna kasoro zilizo nzito zaidi, kama ile inayoitwa Tetraloji ya Fallot, ambayo ni kasoro nne pamoja. Mtoto wa namna hii hupeleka mwilini damu isiyo na hewa ya kutosha, na midomo na ulimi wake huwa na rangi ya samawati.

2. UGONJWA UNAODANGANYA

Ugonjwa wa tundu kubwa moyoni huidanganya familia mara tatu. Wanandoa wakiujua udanganyifu huu, watakuwa wamejikinga na mengi.

Udanganyifu wa kwanza: mtoto huzaliwa akiwa mzima. Analia vizuri, ananyonya, ana kilo zake. Sababu ni kwamba katika siku za kwanza mishipa ya mapafu ya mtoto mchanga bado imekaza, hivyo damu nyingi haipiti katika tundu. Mkunga hana kosa, na mama hana kosa.

Udanganyifu wa pili: mtoto huanza kuugua baada ya wiki nne hadi nane. Katika wiki hizo mishipa ya mapafu hulegea, kama inavyopaswa. Lakini sasa damu hupita kwa wingi katika tundu na kufurika mapafuni. Mtoto anapumua kwa haraka, anachoka kabla ya kushiba, kichwa kinatoka jasho akinyonya, na uzito hauongezeki. Angalia basi ni wakati gani huo! Ndio wakati mama ameanza kutoka nje, jamaa wamekuja kumwona mtoto, baba amerudi katika shughuli zake. Kila mtu akitazama nyuma anaona jambo au mtu wa kumshuku: "Alikuwa mzima mpaka fulani alipomshika." "Alikuwa mzima mpaka ulipotoka safari ile."

Udanganyifu wa tatu ni mbaya kuliko yote. Tundu kubwa likiachwa, mapafu hujitetea dhidi ya mafuriko ya damu. Mishipa yake huanza kuwa minene na migumu. Damu inayofurika hupungua, na mtoto huonekana amepata nafuu! Hapumui tena kwa haraka, nimonia zinapungua, pengine hata anaongeza kilo. Familia inashukuru. Aliyetoa dawa ya mitishamba anasifiwa. Kumbe ni wakati huo mlango unafungwa. Mishipa ya mapafu ikishakuwa migumu kabisa, damu hugeuza njia, mtoto huanza kuwa na rangi ya samawati, na daktari hawezi tena kuliziba tundu, kwa sababu kuliziba kutamwua. Madhara hayo yaweza kuanza kabla mtoto hajamaliza mwaka wa kwanza au wa pili.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa usipozibwa kwa wakati wake, hata ukuta haujengeki tena.

3. LAWAMA ZINAVYOINGIA NYUMBANI

Tuchukue mfano. Tuseme kuna mume na mke wanaokaa karibu na soko la Kosele. Hatumtaji mtu; ni mfano tu, lakini huenda ukaitambua sura yake. Mume anaendesha bodaboda, mke anauza mboga. Mtoto wao wa pili amefika wiki ya saba, naye anakonda.

Mama mkwe anauliza kama mkaza mwana alipanda mahindi kabla ya wakubwa wa boma kupanda. Shangazi anauliza kama baba ametembea nje ya ndoa. Neno chira linatajwa kwa sauti ya chini. Mume anamtazama mke, mke anamtazama mume. Kila mmoja anajitetea moyoni. Manyasi yanachemshwa. Mke anataka kwenda hospitali, lakini anaogopa kuonekana mkaidi. Mume naye anataka kwenda, lakini anaogopa kusikia jina la ugonjwa asiloweza kulilipia. Hawagombani. Wamenyamaza tu. Na katika kunyamaza huko miezi mitatu inapita.

Hatusemi haya ili kuwadharau wazee. Miiko mingi ya Waluo iliwekwa ili kulinda uaminifu wa mume na mke na heshima kati ya wakubwa na wadogo, na hilo ni jema. Lakini yafaa tuujue ukweli mmoja unaomaliza kesi hii yote. Moyo wa mtoto hujengwa tumboni kati ya wiki ya 3 na ya 8 ya mimba. Wakati huo wanawake wengi bado hawajui kwamba ni wajawazito. Basi tundu lilikuwapo kabla ya kupanda mahindi, kabla ya safari ya baba, kabla ya mgeni kumshika mtoto. Hakuna jicho lililolitoboa.

Je, linasababishwa na nini? Kwa watoto wengi sababu moja haijulikani. Kuna mambo yanayoongeza hatari: mama kupata rubela mwanzoni mwa mimba, kisukari kisichotunzwa, pombe, na baadhi ya dawa. Watoto wenye hali ya Down, karibu nusu yao huwa na kasoro ya moyo. Mara nyingine iko katika ukoo, na yaweza kutoka upande wa baba au upande wa mama. Mambo hayo yatusaidie kujikinga kesho: chanjo ya surua na rubela, ambayo Kenya imekuwa ikiwapa watoto tangu mwaka 2016, kliniki ya wajawazito mapema, na kuacha pombe. Yasigeuzwe kuwa fimbo ya kumpigia mwenzako kwa ajili ya jana.

Wengine huuliza kwa hofu: "Tukizaa tena?" Wazazi waliokwisha kupata mtoto mmoja wa namna hii, hatari kwa mtoto anayefuata hupanda kidogo, kufikia kama watoto 2 hadi 5 katika kila 100. Maana yake ni kwamba walio wengi sana huzaliwa na moyo mzima. Hii si sababu ya mume kuambiwa atafute mke mwingine, wala ya mke kurudishwa kwao.

4. DALILI ZA KUANGALIA

Baba na mama wote wawili wazijue dalili hizi, si mama peke yake:

- Mtoto anapumua kwa haraka hata akiwa amelala, na mbavu zinaingia ndani.
- Ananyonya kidogo, anaacha akihema, anatoka jasho kichwani.
- Uzito katika kitabu chake cha kliniki hauongezeki.
- Anapata nimonia mara kwa mara.
- Ulimi, midomo au ufizi una rangi ya samawati. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi usitazame shavu. Tazama ulimi kwenye mwanga wa mchana.
- Mtoto mkubwa kidogo anachuchumaa kila akikimbia, ili apate nafuu.

Mtoto akilia na kugeuka rangi ghafula, mbebe kwa utulivu, kunja magoti yake yafike kifuani, umtulize, na kumkimbiza hospitali mara moja.

Usiseme, "Hapa kwetu malaria ndiyo huleta haya." Ni kweli kando ya Ziwa malaria ni nyingi, na chandarua ni lazima. Lakini mtoto aliyetibiwa malaria au nimonia mara mbili tatu na hanenepi, mwombe daktari au nesi asikilize moyo wake na kumpima hewa ya damu kwa kile kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni au mguuni. Hakiumi na hakichukui muda.

5. SAFARI YA HOSPITALI NI YA WAWILI

Mume wa mfano wetu angeweza kusema maneno machache tu usiku ule: "Mama mtoto, mimi na wewe tuko upande mmoja. Ugonjwa ndio uko upande wa pili. Kesho twende sote." Maneno hayo hayana gharama, nayo yangewaokolea miezi mitatu.

Kutoka Kosele, hatua ya kwanza ni kituo cha afya au hospitali ya Oyugis. Kutoka hapo mtoto hupewa rufaa kwenda Kisii au Kisumu, katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wazee bado wanaiita Russia. Kinachotafutwa ni kipimo kinachoitwa eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Hakina sindano wala kisu. Bila eko hakuna anayeweza kujua kama tundu ni dogo la kusubiriwa au ni kubwa la kuzibwa.

Upasuaji wenyewe hufanywa katika hospitali chache. Kwa watu wa Homa Bay na Migori, mojawapo ni hospitali ya misheni ya Tenwek, kule Bomet, ambayo imejenga jengo maalumu kwa magonjwa ya moyo na kifua. Nairobi kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na Hospitali ya Mater, iliyofunguliwa na Masista wa Huruma mwaka 1962. Mater imekuwa ikiandaa mbio za hisani tangu miaka ya 1990 ili kuwachangia watoto wenye ugonjwa huu ambao wazazi wao hawana uwezo. Eldoret kuna Hospitali ya Moi. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Zamani mtoto kama huyu alihitaji kupelekwa India au Ulaya. Leo wengi hutibiwa hapa hapa kwetu.

Wote wawili msikilize maelezo ya daktari. Akienda mama peke yake, atarudi na mzigo wa kueleza mambo ambayo yeye mwenyewe hajayaelewa vizuri, mbele ya watu wanaomshuku. Kama baba hawezi kuacha kazi, apige simu daktari akiwa bado na mama chumbani. Andikeni maswali yenu kabla ya kwenda: Tundu ni kubwa kiasi gani? Lafaa kuzibwa lini? Tukichelewa itakuwaje? Laweza kuzibwa kwa katheta, ule mpira mwembamba unaopitishwa katika mshipa wa paja, bila kufungua kifua? Tunahitaji watu wangapi wa kutoa damu?

Jambo moja zaidi kwa watu wa kando ya Ziwa. Ugonjwa wa selimundu upo kwa wingi kwetu. Hakikisheni mtoto amepimwa, na kama kuna mwenye selimundu katika ukoo, msiwafiche madaktari, kwa maana wanahitaji kujiandaa kwa namna ya pekee kabla ya kumpasua.

6. FEDHA

Hapa ndipo ndoa nyingi huteleza. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imebadilishwa na SHA. Jiandikisheni kabla ya shida, mlipe mchango wenu, na mtoto akizaliwa mwongezeni mara moja kama mtegemezi wenu. Wasio na mshahara mchango wao hukadiriwa kwa kipato cha nyumba, na haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Waulizeni wahudumu wa hospitali bima italipa kiasi gani na nini kitabaki. Katika hospitali kubwa kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Msione haya kuingia humo.

Kinachobaki mara nyingi hutafutwa kwa harambee. Ni jambo zuri, nasi tunajua jinsi jumuiya ndogo ndogo zinavyojitoa. Lakini fedha za harambee zina macho mengi. Tunashauri mambo matatu. Kwanza, fedha zisiingie katika simu ya mume peke yake wala ya mke peke yake. Mteueni mtu mwaminifu wa jumuiya awe mweka hazina. Pili, kila shilingi iandikwe katika daftari, pamoja na nauli na chakula cha mama hospitalini. Tatu, mkubaliane mapema ni mali gani yaweza kuuzwa na ipi isiguswe. Ng'ombe aweza kuuzwa. Lakini nyumba na shamba mnaloishi, sheria za Kenya zinataka ridhaa ya wote wawili, na hata bila sheria haifai mmoja aamke na kukuta mwenzake ameuza.

7. SIKU YA UPASUAJI

Kifua cha mtoto hufunguliwa katikati. Damu yake hupitishwa katika mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, ili moyo wenyewe usimamishwe na kushonwa. Tundu huzibwa kwa kiraka kidogo, kisha moyo huachiwa upige tena. Baada ya hapo mtoto hulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi akiwa na mipira mingi mwilini. Waambiwe wazazi mapema, maana wengi wakimwona hali hiyo hudhani amekufa.

Wazazi husema siku hiyo ni ndefu kwa sababu hawana la kufanya. Tuwasimulie jambo moja. Mwaka 1954 mashine hizo zilikuwa bado hazitegemewi. Daktari C. Walton Lillehei wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alifanya jambo la ajabu. Tarehe 26 Machi mwaka huo alimlaza baba kando ya mwanawe wa kiume, umri wa mwaka mmoja hivi, akaunganisha mishipa yao kwa mipira. Damu ya mtoto ikapita katika mwili wa baba, ikachukua hewa katika mapafu ya baba, ikarudi kwa mtoto, wakati daktari akiziba tundu katika moyo mdogo uliotulia. Tundu lilizibika. Mtoto yule alifariki siku 11 baadaye kwa nimonia, lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Kati ya watoto 45 waliopasuliwa kwa namna hiyo, wengi wao wakiwa wameunganishwa na baba au mama yao, 28 walirudi nyumbani.

Leo mzazi halazwi tena katika meza ya pili. Lakini kazi ile ya kumbeba mtoto kwa nguvu za wazazi haijakwisha. Imebadilika sura tu. Baba anayetoa damu, anayelala katika benchi ili mama apate saa mbili za usingizi, anayepiga simu nyumbani kuuliza kama watoto wengine wamekula, huyo naye yuko kazini. Na mama asimzuie. Kuna akina mama ambao kwa uchungu humfukuza baba bila kujua: "Wewe huwezi, niachie mimi." Mwachie aweze.

Wanaume wengi wa kwetu hawalii. Mke asidhani kwamba mume asiyelia hana uchungu. Mume naye asidhani kwamba mke anayelia amekata tamaa.

Kuhusu ubatizo: mtoto aliye katika hatari ya kufa abatizwe bila kukawia. Msisubiri sherehe wala msimamizi aliye mbali. Mwambieni padre wa parokia au wa hospitali. Na ikiwa hayupo na hali ni mbaya, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lile ambalo Kanisa hufanya aweza kummiminia maji na kumbatiza kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu.

8. IKIWA MTOTO HAKURUDI

Hatuwezi kulipita jambo hili kimya. Wako watoto wanaokufa, wengine wakiwa wamefikishwa kwa wakati. Hapo lawama hubisha hodi tena kwa nguvu: "Ungekubali mapema," "Usingekubali wakampasua." Ikiwa mliamua pamoja, basi mmelibeba pamoja, na hakuna mmoja wenu atakayebaki mshitakiwa katika nyumba yake mwenyewe. Hii ndiyo faida ya kuamua wawili ambayo watu hawaioni mpaka siku ya msiba. Mtajeni mtoto kwa jina lake. Msikimbilie kuzaa mwingine ili kulifuta hilo jina. Mkiona mwaka unapita na hamwezi kuzungumza, mwendeeni padre, katekista au wanandoa wenzenu mnaowaamini.

9. KURUDI NYUMBANI

Mtoto aliyepona ana masharti machache. Mfupa wa kifua huhitaji kama wiki sita hadi nane kuunga. Asinyanyuliwe kwa kushikwa makwapani. Weka mkono mmoja chini ya shingo na mwingine chini ya makalio. Bibi na dada zake waonyeshwe pia, wasije wakamwumiza kwa furaha. Kidonda kikitoa usaha, mtoto akipata homa au akianza kuhema tena, arudishwe hospitali. Chanjo zote apewe kama alivyoelekeza daktari. Meno yasafishwe tangu yanapoota, na daktari wa meno aambiwe juu ya moyo wake kabla ya kung'oa jino lolote, kwa sababu vijidudu vya kinywani vyaweza kuingia moyoni. Siku za kliniki zisikosekane hata kama anaonekana mzima kabisa. Mmekwisha kuona jinsi ugonjwa huu unavyojua kudanganya.

Tukumbuke pia wale watoto waliobaki nyumbani. Kwa wiki kadhaa wamelala kwa jirani na kusikia jina la mtoto mmoja tu. Wapeni siku yao.

Na ninyi wawili je? Mke amerudi amechoka, usingizi wake ni wa kushtuka. Mume amezoea kulala peke yake, ana madeni kichwani. Wengine hupitisha miezi bila kukaribiana, kila mmoja akidhani mwenzake hamtaki tena, au wakiogopa mimba nyingine bila kulitamka neno hilo. Litamkeni. Semezaneni juu ya lini mngependa kuzaa tena, mwende kwa mwalimu wa uzazi wa mpango wa njia ya asili wa parokia, na msiruhusu kitanda kimoja kiwe na vyumba viwili. Mtoto aliyezibwa tundu moyoni anahitaji kukulia katika nyumba isiyo na ufa.

MASWALI YA KUJADILIANA WAKATI WA JIONI

Zimeni redio, muulizane kwa zamu. Mmoja akijibu, mwenzake asimkatize.

1. Mtoto wetu akiugua, ni jambo gani huwa unaogopa kuniambia?
2. Je, kuna ugonjwa au msiba wa zamani ambao mmoja wetu bado anamlaumu mwenzake kimya kimya?
3. Wakubwa wetu wakitupa shauri moja na daktari akatupa jingine, ni nani kati yetu atakayesema na wakubwa, na kwa maneno gani ya heshima?
4. Tumejiandikisha SHA sisi na watoto wote? Kama bado, tutakwenda siku gani?
5. Katika jumuiya yetu kuna mtoto anayehema akinyonya na asiyeongezeka uzito? Ni nani kati yetu atakayekwenda kesho kuongea na wazazi wake, wote wawili wakiwapo?